Kutwa Moja Katika Mji wa Milano

Nataka kuzungumza nanyi juu ya mji wa Milano, ulioko kaskazini ya nchi ya Italia, na juu ya namna ambavyo mtu aliyejaaliwa kutwa moja tu ya kukaa katika mji ule anavyoweza kuitumia kutwa hiyo akatoka na kitu moyoni mwake.

Mazungumzo haya yana sababu. Watu wetu wapitao Milano si haba siku hizi. Wako wafanyabiashara, wako wanafunzi, wako wasafiri wanaobadilisha ndege katika kiwanja cha Malpensa, na wako wenzetu wa Malindi na Watamu, ambao kwa miaka mingi wameishi jirani na Waitalia, wakajifunza lugha yao, wakafanya nao biashara, wakaoana nao, na hatimaye wakaalikwa kwao. Kila mmoja katika hao aghalabu huuliza swali moja: nina siku moja tu, niende wapi? Na jawabu apewalo aghalabu ni moja vilevile: nenda ukatazame maduka ya nguo, maana Milano ni mji wa mavazi.

Je, jawabu hili ni uwongo? La, si uwongo. Milano ni mji wa mavazi kweli kweli, na kila mwaka, mwezi wa Februari na mwezi wa Septemba, wanunuzi, waandishi na wapiga picha wa dunia nzima hukusanyika pale kutazama nguo ambazo watu watazivaa katika msimu ujao. Walakini ni jawabu pungufu, na mtu akilifuata hilo peke yake atashinda kutwa nzima mbele ya vioo vya maduka, kisha arudi kwao akidhani kwamba ameuona mji, ilhali ameuona ukumbi wa mbele tu. Ninalotaka kuwaambia jioni hii, nami nitalirudia ili lisisahaulike, ni kwamba Milano ulikuwa mji wa mafundi kwa karne nyingi kabla haujawa mji wa mitindo, na kwamba mwenye siku moja na aifuate kazi ya mikono ya mafundi hao, maana hiyo ndiyo itakayomfahamisha hata hizo nguo zenyewe.

Kabla hatujashika njia, nina nasaha kwa mwenye kupanga safari. Asifike siku ya Jumatatu, kwa kuwa siku hiyo baadhi ya mahali nitakapopataja hufungwa. Na taswira ya Karamu ya Mwisho, nitakayoizungumzia baadaye, haionekani ila kwa tiketi iliyonunuliwa mapema, pengine wiki nyingi kabla. Anayefika mlangoni bila tiketi hurudishwa, hata awe ametoka mbali kiasi gani. Kadhalika avae nguo zenye kusitiri mabega na magoti, la sivyo atazuiwa katika milango ya makanisa. Sharti hili halitakuwa zito kwa mtu aliyelelewa pwani.

Haya, tuanze safari yetu. Ni asubuhi na mapema, jua halijapata makali, na treni ya chini ya ardhi imetutoa katika uwanja mpana ulio kitovu cha mji, na mbele yetu limesimama kanisa kuu, ambalo wenyewe huliita Duomo. Mtu aliyeliona katika picha hudhani kuwa amekwisha kuliona. Lakini picha haina uwezo wa kumwonyesha mtu wingi wa vile vilele vya mawe vinavyopanda angani, wala zile sanamu zaidi ya 3,000 zilizosimama katika kila pembe na kila kipembe chake, ndani na nje, juu na chini.

Kanisa hili lilianza kujengwa mwaka 1386, zama za mtawala Gian Galeazzo Visconti, na lango lake la mwisho la shaba lilitiwa mwaka 1965. Hebu yafikirini hayo kwa utulivu. Ni miaka karibu 600! Mwashi aliyeliweka jiwe la kwanza alijua kwa yakini kwamba hatauona mwisho wa kazi ile, wala mwanawe hatauona, wala mjukuu wake, na juu ya hayo akalipima jiwe lake sawasawa, akalikalisha mahali pake, akaenda zake. Wafalme walikuja wakapita. Napoleon alitawazwa ndani ya kanisa hilo kuwa mfalme wa Italia mwaka 1805, na ni yeye aliyehimiza uso wa mbele umalizwe. Hata yeye amepita. Iliyobaki ni taasisi iliyoasisiwa mwaka 1387 kwa ajili ya ujenzi huu, iitwayo Veneranda Fabbrica del Duomo, ambayo mpaka leo hii ina machimbo yake ya mawe na wachongaji wake, kwa kuwa jiwe la kale likiliwa na mvua na moshi, lazima lichongwe jingine la kulipokea.

Na jiwe lenyewe linatoka wapi? Ni marumaru ya Candoglia, kijiji kilichoko milimani karibu na ziwa Maggiore. Rangi yake ni weupe uliochanganyika na wekundu wa mbali, na mishipa ya kijivujivu hupita ndani yake, hata asubuhi jua linapoligusa kanisa hulitia haya ya waridi, na jioni hulitia dhahabu. Katika siku zile zisizokuwa na gari wala reli, mizigo mizito namna hiyo ilifikaje mjini? Ilifika kwa maji. Mawe yalipakiwa katika mashua, yakavuka ziwa, yakashuka mto Ticino, kisha yakaingia katika mfereji uliochimbwa kwa mikono ya watu, yakafuata mfereji huo mpaka karibu kabisa na mahali pa ujenzi. Mfereji huo ungaliko, nasi tutafika kando yake magharibi itakapoingia.

Sasa nawasihi, msiridhike kulitazama kanisa hili kwa chini. Pandeni juu ya paa. Ipo lifti kwa mwenye kuchoka, na zipo ngazi zaidi ya 200 kwa mwenye nguvu zake, na huko juu mtu hutembea juu ya mabamba ya marumaru kati ya minara, akaweza kunyosha mkono na kugusa kwa vidole vyake mwenyewe nakshi ambazo wa chini huziona kwa mbali tu. Mimi nilipofika huko nilizunguka nyuma ya sanamu moja ya mtakatifu, upande ambao macho ya aliye uwanjani hayafiki abadan, nikaukuta umechongwa kwa uangalifu uleule wa upande wa mbele: mikunjo ya joho imeteremka mgongoni, upindo umegeuzwa, na chini ya upindo umeonekana ukingo wa kisigino. Nilikaa pale muda mrefu. Nilijiuliza, fundi huyu alimfanyia nani kazi hii? Hapakuwa na mnunuzi atakayeupitia mgongo ule, wala msimamizi atakayeusifu. Alitimiza haki ya jiwe, basi.

Juu ya vilele vyote, kwa kimo cha mita 108 na nusu kutoka ardhini, amesimama Bikira Maryamu wa shaba iliyopakwa dhahabu, aliyewekwa hapo mwaka 1774, nao watu wa Milano humwita kwa jina la mapenzi, Madonnina. Mapenzi hayo si ya maneno matupu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili walimfunika kwa vitambaa ili kung'aa kwake usiku kusiwaongoze marubani wa ndege za kutupa mabomu. Na kwa kuwa ilikuwa desturi kwamba jengo lolote mjini lisimpite yeye kwa urefu, mnara wa Pirelli ulipomalizwa mwaka 1960 ukampita, sanamu ndogo ya mfano wake iliwekwa juu ya mnara huo, apate kubaki juu ya mji.

Tukishuka tuingie ndani. Nitapita upesi, ingawa kuna mengi. Yupo Mtakatifu Bartolomayo, aliyechongwa na Marco d'Agrate mwaka 1562, shahidi aliyechunwa ngozi akiwa hai, naye amesimama na kila msuli wake dhahiri, amejitanda ngozi yake mwenyewe begani. Wengine huogopa kumtazama. Lakini chini ya sakafu, mahali ambapo wageni wengi hawashuki, kuna magofu ya kisima cha ubatizo cha kale chenye pembe nane, na hapo ningependa kila Mwafrika ashuke. Kwa nini? Kwa sababu hapo, katika sikukuu ya Pasaka ya mwaka 387, askofu Ambrosi wa Milano alimbatiza mtu wa Afrika, aliyezaliwa Thagaste katika nchi iitwayo leo Algeria, mwalimu wa ufasaha aliyekuja Italia kutafuta cheo, na ambaye ulimwengu umemjua baadaye kwa jina la Mtakatifu Agostino. Mji huu uliposoma na kubishana juu ya mambo ya roho, mwana wa bara letu alikuwamo barazani. Uwe Mkristo, uwe Muislamu, habari hiyo ni ya kuijua.

Tutokapo kanisani, mkono wa kulia tukielekea kaskazini, liko lango refu la njia iliyofunikwa kwa kuba la chuma na kioo, Galleria Vittorio Emanuele II. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1865, na mwaka 1867 njia ikafunguliwa. Mchoraji wake wa ramani, Giuseppe Mengoni, hakuiona ikitimia, kwa kuwa alianguka kutoka katika majukwaa ya waashi mwezi Desemba mwaka 1877, siku chache kabla ya kazi ya upinde wa mlangoni kukamilika, akafa. Katikati, chini ya kuba, inua macho: utaona taswira za mabara manne, Afrika mojawapo. Kisha teremsha macho sakafuni, utaona watu wamejipanga ili kuzunguka kwa kisigino juu ya picha ya fahali, wakiamini kwamba inaleta bahati, na fahali maskini amechimbika kwa visigino. Mimi sikuzunguka. Ni kazi ya vijiwe vidogo vilivyopangwa kimoja kimoja, na iliniuma kuiona inasagwa. Maduka ya njia hii yote yameandikwa majina yao kwa dhahabu juu ya weusi, na moja kati ya hayo ni la Prada, lililofunguliwa hapo mwaka 1913 kwa kuuza mikoba na masanduku ya safari ya ngozi.

Saa hizi mtu huhitaji kahawa. Sikilizeni desturi yao, ili msione ajabu: Mmilano hunywa kahawa yake akiwa amesimama kwenye meza ndefu ya muuzaji, katika kikombe kidogo, kwa mafunda mawili au matatu, akaaga akaondoka. Ukikaa kitako penye meza, hasa karibu na uwanja wa Duomo, bei hupanda sana. Basi simama na wenyeji. Na ukiwa umesimama hapo kumbuka kwamba Italia ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Uganda, na huenda iliyomo katika kikombe chako imechumwa na jirani yako.

Tukitokea upande wa pili wa Galleria tutaikuta Scala, nyumba ya nyimbo iliyofunguliwa mwaka 1778, ikapigwa mabomu mwaka 1943, ikafunguliwa upya mwaka 1946. Kwa nje haina makuu. Aliyejaaliwa usiku mwingine mjini aingie asikilize. Sisi wa siku moja tuipe heshima yake tupite, tuelekee via Monte Napoleone, kwenye maduka ya nguo, maana sikusema kuwa tusiende. Nilisema kwamba tusiende huko peke yake.

Barabara hii si pana, na majumba yake ni ya fahari iliyotulia. Mwaka 2024 ilitajwa kuwa ndiyo ghali kupita zote duniani kwa kodi ya maduka. Nani angedhani kwamba hadhi hii si ya kale? Katika miaka ya 1950 maonyesho makubwa ya mavazi ya Italia yalikuwa yakifanyika Firenze, katika kasri ya Pitti, na Milano ulikuwa mji wa viwanda, mabenki na magazeti. Katika miaka ya 1970 mambo yakageuka, na yaligeuka kwa sababu zenye maana: hariri ilifumwa Como, sufu ilifumwa Biella, zote si mbali na hapo, na mshoni aliyetaka kitambaa cha namna yake mwenyewe aliweza kwenda asubuhi kuzungumza na mfumaji na jioni akawa amerudi. Giorgio Armani akafungua nyumba yake mwaka 1975, na Gianni Versace mwaka 1978, na baada ya hapo ulimwengu ukahamia Milano.

Hapa ndipo ninapotaka tulirudie lile neno letu. Armani, aliyefariki Septemba mwaka 2025 akiwa na umri wa miaka 91, alipata jina kwa jambo gani? Alilichukua koti la mwanamume, vazi gumu lililojazwa mabegani na kutiwa bitana, akaitoa bitana, akayatoa yale yaliyojazwa, akaliacha koti literemke na mwili wa mwenye kulivaa. Je, ni jambo dogo? Mwulizeni fundi cherehani yeyote wa Mombasa au wa Unguja, atawaambia kwamba bitana ni sitara: hufunika mishono, hufunika makosa. Anayeitoa bitana anajitia katika mtihani, kwa kuwa ndani ya koti lake sasa kunaonekana, na kila mshono lazima uwe safi nje na ndani. Mjuzi wa kofia za viua akikabidhiwa kofia, haitazami kwanza kwa juu. Huigeuza, akapitisha kidole ndani, akajua palepale mshoni alikuwa mtu wa namna gani. Ndivyo ninavyotaka mtu ayatazame mavazi yale ya Milano. Asiulize bei kwanza. Atazame upindo, atazame tundu la kifungo, atazame mahali mkono wa nguo unapokutana na bega, na hapo atamkumbuka yule mchongaji wa juu ya paa, aliyemaliza mgongo wa sanamu usioonekana na mtu. Mafundi hawa wamepishana kwa mamia ya miaka, na adabu yao ya kazi ni moja.

Kwa hiyo mwenye mfuko mwepesi asione haya kupita barabara ile. Kutazama hakuna malipo, na nusu saa yatosha.

Adhuhuri imefika, na njaa ina haki yake. Chakula cha jadi cha mji huu ni wali, risotto ya Milano, na wali huo ni wa manjano kwa zafarani, uliopikwa kwa kuongezwa mchuzi kidogo kidogo huku ukikorogwa, mpaka ukawa laini wenye uzito, kila punje ikiwa na kiini kigumu kidogo. Mchele wake hulimwa katika mabonde ya mto Po, mwendo mfupi kutoka mjini. Mzoefu wa pilau atastaajabu mwanzoni, kwa kuwa haukusudiwi kuchambuka. Aule kwa nia njema, atauona utamu wake. Lakini ndugu zangu Waislamu, ulizeni kabla ya kuagiza, kwa maana wapishi wengi huutia divai nyeupe wakati wa kuupika, na pia mafuta ya uboho wa ng'ombe. Kuuliza si aibu, nao hujibu kwa ungwana.

Baada ya chakula twende kwenye kanisa la Santa Maria delle Grazie, na hapa nitatua kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ndipo ilipo ile taswira ya Karamu ya Mwisho aliyoichora Leonardo da Vinci kati ya mwaka 1495 na 1498 hivi, kwa amri ya Ludovico Sforza, mtawala wa Milano. Haimo kanisani. Imo ubavuni, katika ukumbi ambamo watawa Wadominiko walikuwa wakila chakula. Wageni huingizwa kwa vikundi vidogo, mlango mmoja hufungwa nyuma yao kabla wa pili haujafunguliwa mbele yao ili vumbi na unyevu visiingie, na wakishaingia hupewa dakika 15 tu. Mtasema, dakika 15 zina nini? Zinatosha, mtu akiacha kupiga picha.

Lazima tujue kwanza kosa la ukuta huu. Desturi ya wachoraji wa kuta ilikuwa kupaka rangi juu ya lipu ingali mbichi, hata rangi ikanyweka ndani, ikakauka pamoja na ukuta, ikawa kitu kimoja nao. Kazi hiyo hutaka haraka, kwa kuwa lipu haimngojei mtu. Leonardo hakuwa mtu wa haraka. Alitaka kuchora, kusita, kufikiri, kurudi, kurekebisha. Basi akapaka juu ya ukuta uliokwisha kukauka. Matokeo yake ni kwamba rangi ilianza kubanduka angali hai. Mwaka 1652 watawa wakakata mlango katikati ya ukuta, wakaiondoa miguu ya Bwana Yesu katika taswira. Agosti mwaka 1943 bomu likaangukia ukumbi huo, dari na ukuta wa ubavuni vikaporomoka, lakini ukuta wa taswira, uliokuwa umezungushiwa mifuko ya mchanga, ukabaki umesimama. Kisha mwanamke mmoja, Pinin Brambilla Barcilon, akaifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 20, kipande kwa kipande, akiondoa rangi za waliotangulia kuitengeneza, mpaka mwaka 1999.

Na tunaona nini? Tunaona meza ndefu, na wanaume waliotoka tu kusikia kwamba mmoja wao atamsaliti bwana wao, na kila mmoja analipokea neno lile kwa mikono yake: huyu ameinua viganja, huyu amejishika kifua, huyu amekamata mfuko, huyu amenyosha kidole juu. Rangi imekuwa hafifu, nyuso nyingine zimebaki vivuli, lakini mikono bado inasema. Chini yake kitambaa cha meza kingali na alama za mikunjo yake.

Sasa fanyeni jambo ambalo wengi hawalifanyi. Geukeni. Ukuta wa pili, unaoelekeana na ule wa Leonardo, una taswira ya Kusulubiwa iliyochorwa mwaka 1495 na Giovanni Donato Montorfano, aliyepaka rangi yake juu ya lipu mbichi kwa desturi ya waliomtangulia. Rangi zake zimesimama imara, nyekundu ni nyekundu na kijani ni kijani, zimepita katika mlango uleule wa karne na bomu lilelile. Hakuna aliyesafiri kutoka mbali kwa ajili yake. Nami sitawaambia kwamba Montorfano alikuwa mkubwa kuliko Leonardo, hakuwa. Lakini nilimstahi sana mtu huyu ndani ya ukumbi ule. Aliijua kazi yake, akaifanya inavyopasa, ikadumu. Na nadhani ni haki kwamba katika dakika zenu 15 mumpe yeye walau tatu.

Kutoka hapo ni mwendo wa miguu mpaka ngome ya Sforza, iliyojengwa na Francesco Sforza kuanzia mwaka 1450. Ina majumba ya makumbusho mengi, na mwenye siku moja akitaka kuyaona yote hataona hata moja. Aingie katika jumba moja tu, lililokuwa hospitali ya askari wa Kihispania, ambamo tangu mwaka 2015 imewekwa sanamu ya mwisho ya Michelangelo, iitwayo Pietà Rondanini. Mzee huyo alikuwa na umri wa miaka 88 alipofariki mwezi Februari mwaka 1564, na mpaka siku chache kabla ya kifo chake alikuwa angali akiipiga tindo. Maryamu amesimama nyuma, amemshika mwanawe aliyekufa asianguke. Miguu ya mwana imesuguliwa laini. Nyuso bado ni jiwe lenye mikwaruzo ya tindo. Na pembeni unaning'inia mkono mmoja mzuri uliokamilika, usio na mwili, uliosalia kutoka katika umbo la kwanza ambalo mchongaji alilikataa akaanza upya. Mzee wa umri ule, aliyekwisha kupata sifa zote ambazo dunia inaweza kumpa mtu, anakata kazi yake mwenyewe aliyoimaliza nusu na kuanza tena! Mzungukeni mpaka nyuma. Nyuma ndiko mgongo wa mama ulikojipinda kwa uzito.

Jua likianza kushuka, tafuta mojawapo ya tramu za kale za mwaka 1928, ambazo zingali zikitumika kila siku, zenye mabenchi ya mbao na taa zake za zamani, ukae karibu na dirisha uuone mji ukitoka kazini. Kisha teremka kwenye mifereji. Mingi iliyokuwamo ndani ya mji ilifunikwa karibu na mwaka 1930, lakini Naviglio Grande, ulioanza kuchimbwa katika karne ya 12, ungaliko, nao ndio ule ulioleta marumaru za kanisa. Kandokando yake jioni watu hukaa mezani wakinywa na kula vitu vidogo vidogo kabla ya chakula cha usiku; asiyetumia pombe ataagiza maji ya matunda, wala hakuna atakayemshangaa. Na palepale, katika kichochoro kiitwacho Vicolo dei Lavandai, chini ya paa la zamani, yamepangwa mawe ya kufulia nguo kando ya maji, yamelainika kwa mikono iliyofulia hapo. Nawaomba mtu akiwa amezitazama nguo za asubuhi, asikose kuyatazama mawe haya ya jioni.

Atakayekuwa na hamu ya chakula chenye viungo vya kwetu, aende upande wa Porta Venezia, ambako Waeritrea na Wahabeshi wamefungua mikahawa yao tangu miaka mingi, ale kwa mkono wake pamoja na wenzake katika sinia moja.

Najua kuna vijana wanaonisikiliza ambao tangu mwanzo wananingoja niutaje mpira, na wana haki, maana wao wameujua mji huu kwa vilabu vyake kabla ya kitu kingine. Uwanja wa San Siro ulifunguliwa mwaka 1926, vilabu vya Milan na Inter huchezea hapo vyote viwili, na Mkenya McDonald Mariga alikuwa katika kikosi cha Inter kilichotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2010. Treni ya chini ya ardhi hufika mlangoni pake. Mwaka 2025 halmashauri ya mji ilikubali kuuuza uwanja huo kwa vilabu vyenyewe, navyo vimekusudia kujenga mwingine mpya karibu yake. Kwa hiyo kijana mwenye nia ya kuuona huu wa zamani, na afanye haraka.